Mfuko wa mbolea unabeba kampaundi, si elementi

Mhariri,

Msimu wa kupanda unapokaribia, kurasa za kilimo za magazeti yetu hujaa maelezo ya mbolea, na kazi hiyo tunaipongeza kwa dhati. Ila kuna sentensi moja inayorudiwa kila mwaka, nayo inawagharimu wakulima: kwamba mfuko ulioandikwa NPK 17-17-17 una asilimia 17 ya naitrojeni, asilimia 17 ya fosforasi na asilimia 17 ya potasiamu. Namba ya kwanza ni sahihi. Mbili zinazofuata si sahihi. Na hata hiyo ya kwanza, anayeisoma bila kujua naitrojeni imefungwa ndani ya kitu gani anaweza kuiacha ipeperuke hewani kabla mahindi hayajaigusa. Sisi tunaofundisha kemia na sayansi ya udongo tunaomba nafasi tueleze kwa kirefu, maana makosa haya yote yana chanzo kimoja: kampaundi, yaani kitu kipya kinachozaliwa elementi zinapoungana, inachukuliwa kana kwamba bado ni zile elementi (vitu vyenye aina moja tu ya atomu) zilizoiunda.

Tuzitazame elementi zenyewe kwanza. Naitrojeni ni gesi isiyo na rangi wala harufu, na asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni hiyo. Juu ya kila hekta ya shamba, kuanzia ardhini hadi mwisho wa angahewa, kuna naitrojeni ya takriban tani 78,000. Mahindi yaliyosimama chini ya gesi yote hiyo bado hugeuka njano kwa kukosa naitrojeni, kwa kuwa atomu zake zimeshikana mbilimbili kwa kifungo cha mara tatu, na kukikata kifungo hicho kunahitaji kilojuli 945 kwa kila moli, yaani kila gramu 28 za gesi hiyo. Mmea hauna uwezo huo. Fosforasi nyeupe, ambayo Hennig Brand wa Hamburg aliipata mwaka 1669 kwa kuchemsha mkojo hadi ukakauka, hushika moto yenyewe hewani joto likifika nyuzi 30 hivi. Hutunzwa chini ya maji, na sehemu ya kumi tu ya gramu inaweza kumuua mtu mzima. Potasiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu. Humphry Davy aliitenga mwaka 1807 kwa kutumia umeme. Hutunzwa ndani ya mafuta, kwa sababu ikigusa maji hutoa haidrojeni na kuiwasha papo hapo kwa mwali wa zambarau.

Gesi isiyofaa kitu kwa mmea, sumu inayojiwasha, na metali inayolipuka majini. Mkulima anachota NPK kwa mkono, anaimwaga kwenye udongo wenye unyevu, na hakuna kinachowaka. Hakuna kinachowaka kwa kuwa hakuna hata chembe ya elementi hizo iliyo huru ndani ya mfuko. Kilichomo ni fosfeti ya amoniamu, kloridi ya potasiamu, mara nyingine urea au naitreti ya amoniamu. Katika kampaundi hizi atomu zimepeana elektroni au zimezitumia kwa pamoja, na kilichozaliwa kina tabia zake: rangi yake, joto lake la kuyeyuka, namna yake ya kukutana na maji. Tabia za wazazi hazimo tena.

Jambo la pili linaloitambulisha kampaundi ni uwiano usiobadilika. Gramu 60 za urea zina gramu 28 za naitrojeni, 16 za oksijeni, 12 za kaboni na 4 za haidrojeni. Iwe imetengenezwa Urusi au Ghuba, kwa gesi asilia au kwa makaa ya mawe, uwiano ni huohuo, ndiyo maana kila mfuko halali wa urea duniani umeandikwa 46. Urea safi kabisa ina asilimia 46.6, ile sehemu ndogo inayopungua ni unyevu na uchafu wa kiwandani. Mchanganyiko hauna nidhamu hiyo. NPK za kuchanganya, zile ambazo ukifungua mfuko unaona punje nyeupe, za kijivu na nyekundu kila moja peke yake, hujitenga barabarani: lori likitikisika, punje ndogo hushuka chini na kubwa hubaki juu. Wakulima wawili wanaogawana mfuko mmoja, wa juu na wa chini, hawapati mbolea ileile. Dawa yake ni kumwaga mfuko wote kwenye turubai na kuukoroga kwa koleo kabla ya kugawana. NPK ambayo kila punje yake ina virutubisho vyote vitatu haina tatizo hilo, na tofauti hiyo inastahili kutajwa mnapoandika bei.

Walimu wenzetu wanaotaka kuonyesha jambo hili darasani wana jaribio la zamani lisiloshindwa: unga wa chuma gramu 7 na salfa gramu 4. Ukichanganya tu, sumaku huvuta chuma na salfa ikabaki. Ukipasha moto ndani ya neli ya kioo ngumu, mchanganyiko huanza kung'aa mwekundu sehemu moja, kisha mng'ao husambaa wenyewe hata ukiondoa moto, na kinachobaki ni gramu 11 za salfaidi ya chuma, jiwe la kijivu cheusi. Jaribio huharibika kwa sababu tatu. Chembe za chuma zikiwa kubwa, kiini hubaki bila kuungana, na sumaku huendelea kuvuta. Wanafunzi wakaondoka wakiamini mwalimu amesema uongo. Salfa ikizidi, inayobaki huungua na kutoa gesi inayokaba koo, hivyo madirisha yawe wazi na mdomo wa neli uzibwe kwa pamba ya madini. Na chuma chenye kutu hakifai, kwa kuwa kutu tayari ni kampaundi nyingine. Mkitaka kuhakikisha, dondosheni tindikali nyepesi ya haidrokloriki: chuma hutoa haidrojeni isiyo na harufu, salfaidi hutoa harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ya pili ni sumu, kwa hiyo matone mawili yatosha.

Turudi kwenye namba za mfuko, kwa kuwa hapa ndipo fedha zinapopotea. Namba ya kwanza ni kilo za naitrojeni kama elementi katika kila kilo 100. Namba ya pili ni kilo za fosforasi kama ingekuwa yote imo katika umbo la oksaidi yake, P2O5. Ya tatu ni potasiamu kama ingekuwa K2O. Tunasema "kama ingekuwa", kwa sababu oksaidi hizo nazo hazimo mfukoni. P2O5 halisi ni unga mweupe unaonyonya maji kwa fujo hadi kugeuka tindikali ya fosforasi. Hakuna mtu anayeweza kuuweka kwenye gunia. Desturi hii tumeirithi kutoka kwa wanakemia wa karne ya 19, waliochoma mimea na madini kisha wakaripoti walichokuta kama oksaidi. Sheria za biashara zikaishika, na imebaki hadi leo.

Katika P2O5, fosforasi yenyewe ni asilimia 43.6. Katika K2O, potasiamu ni asilimia 83. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 wa NPK 17-17-17 una kilo 8.5 za naitrojeni, kilo 3.7 za fosforasi na kilo 7 za potasiamu. Mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia ya fosfeti ya amoniamu, 18-46-0, una kilo 9 za naitrojeni na kilo 10 za fosforasi. Si kilo 23.

Utafiti mwingi wa udongo hutoa mapendekezo kwa kilo za fosforasi tupu, ilhali vipeperushi vya madukani hutumia P2O5. Tuseme pendekezo ni kilo 20 za fosforasi na kilo 60 za naitrojeni kwa hekta. Mkulima aliyeamini kwamba DAP ina asilimia 46 ya fosforasi atagawa 20 kwa 0.46 na kununua kilo 43. Anayejua kwamba ni asilimia 20 atanunua kilo 100, mifuko miwili. Wa kwanza ameweka chini ya nusu, na mahindi yake yatatoa majani yenye zambarau ukingoni huku akiilaumu mbegu. Kinyume chake nacho hutokea: pendekezo la kilo 40 za P2O5 linatimizwa na kilo 87 za DAP, lakini mwenye kudhani ni kilo 40 za fosforasi atanunua kilo 200. Hapo hakuna jani litakaloonyesha kosa. Fedha tu ndizo zimezikwa.

Tumalizie hesabu ya huyo wa mifuko miwili. DAP kilo 100 zimempa naitrojeni kilo 18. Zimebaki 42. Urea ina 46 kwa mia, kwa hiyo anahitaji kilo 91 za kukuzia, karibu mifuko miwili. Kwa ekari gawanya kwa 2.47: DAP kilo 40, urea kilo 37. Mahindi yakipandwa sentimita 75 kwa 30, hekta ina mashina 44,444, na DAP inayoingia kila shimo ni gramu 2 na robo tu. Kifuniko cha soda kilichojaa hubeba takriban gramu 5, hivyo nusu kifuniko yatosha. Ila urea ni nyepesi kuliko DAP kwa ujazo uleule, na kifuniko hakijui hilo. Jaza vifuniko 20, upime kwenye mizani, ugawanye kwa 20, kisha uamue kipimo.

Sasa urea, ambayo ndiyo mbolea inayotumiwa vibaya kuliko zote. Wengi huizungumzia kana kwamba ni naitrojeni iliyogandishwa, ukiimwaga imeingia. Urea ikiwa bado urea, udongo hauishiki vizuri. Mvua kubwa ikija mapema huisukuma chini. Baada ya siku chache, udongo ukiwa na joto na unyevu, kimeng'enya kiitwacho urease huigeuza kuwa kaboneti ya amoniamu. Kuzunguka punje, pH (kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni uchachu, juu ya 7 ni magadi) hupanda kupita 8, na katika hali hiyo sehemu ya amoniamu hugeuka amonia, ambayo ni gesi. Punje ikiwa juu ya ardhi, gesi inaondoka. Udongo ukiwa na unyevu wa umande tu, jua kali, upepo, na mabua yaliyotandazwa juu, hasara yaweza kufika theluthi ya naitrojeni yote. Mkulima haoni kitu, kwani punje zimeyeyuka, naye anahesabu kuwa mmea umekula.

Ukiifukia sentimita 5 hadi 10, amonia inayotoka hukutana na udongo wenye unyevu, hurudi kuwa amoniamu na kushikwa na chembe za mfinyanzi. Ndivyo ilivyo kazi ya ule mfereji mdogo ambao maafisa ugani huusisitiza pembeni mwa shina. Sentimita 5 kutoka shinani ni za lazima, maana amonia ileile inayoruka hewani huunguza mizizi na mbegu. DAP nayo hutoa amonia kidogo inapoyeyuka, ndiyo sababu mbegu iliyolala moja kwa moja juu yake huoza bila kuota. Weka mbolea, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu.

CAN, yaani naitreti ya amoniamu yenye kalsiamu, ni hadithi nyingine, ingawa namba yake, 26 au 27, nayo ni ya naitrojeni. Nusu ya naitrojeni yake ni amoniamu, nusu ni naitreti, na imechanganywa na unga wa mawe ya chokaa. Haina hatari kubwa ya kupeperuka ikiwekwa juu, lakini naitreti haishikwi na mfinyanzi, na kwenye udongo wa kichanga mvua moja kubwa huizamisha chini ya mizizi. Kwenye majaruba ya mpunga, Mwea, Mbarali au Kilombero, kuna ubaya zaidi: udongo uliofunikwa na maji hauna oksijeni, na bakteria huichukua oksijeni iliyomo ndani ya naitreti wakaiachia naitrojeni. Hapo kampaundi imerudi kuwa elementi, gesi ileile ya hewani, na mkulima amelipa bei ya kiwanda kurudisha naitrojeni ilikotoka. Kwa jaruba lenye maji, tumieni urea iliyozamishwa ndani ya tope au salfeti ya amonia. CAN iacheni kwa mahindi.

Na bei hiyo ya kiwanda ina maelezo yake. Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 kwamba naitrojeni na haidrojeni zinaweza kuungana kuwa amonia chini ya mgandamizo mkubwa, na Carl Bosch akaifanya kazi ya kiwanda huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913: joto la nyuzi 400 hadi 500, mgandamizo wa mara 200 hivi wa hewa, na chuma kama kichocheo. Haidrojeni yenyewe kwa kawaida hutolewa kwenye gesi asilia, na ndiyo maana bei ya gesi ikipanda duniani, urea hupanda Makambako na Kitale. Bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi ya maharage, kunde na karanga hufanya kazi hiyohiyo kwa joto la udongo tu. Kinundu kinachofanya kazi, ukikikata kwa ukucha, ndani ni chekundu; cheupe au cha kijani hakifanyi.

Kuhusu kuchanganya mbolea, tunaandika kwa msisitizo kwa sababu tumeona ushauri hatari ukichapishwa. Urea na CAN zisichanganywe kamwe ghalani. Urea peke yake huanza kunyonya unyevu hewa ikifika asilimia 73 hivi ya unyevunyevu. Naitreti ya amoniamu peke yake, asilimia 59. Zikichanganywa, kiwango hushuka hadi asilimia 18, yaani hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo mchanganyiko huo utabaki mkavu. Utageuka uji ndani ya gunia. Urea na TSP, mbolea ya fosfeti inayoyeyuka majini, nazo huganda pamoja. Na majivu ya jikoni au chokaa visiwekwe shimo moja wala siku moja na DAP, CAN au salfeti ya amonia: vyote viwili huiondoa amonia ndani ya kampaundi na kuiachia hewani. Ukisugua kijiko cha salfeti ya amonia na kijiko cha chokaa iliyozimwa kwa maji chenye unyevu, harufu kali inayopanda puani ni fedha yako inayoondoka. Chokaa itangulie wiki kadhaa, mbolea ifuate.

Fosforasi ina funzo lake, na ndilo linalotuuma zaidi kwa kuwa tunayo mali yetu wenyewe. Fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ni apataiti: kalsiamu, fosfeti na floridi vikiwa vimefungamana. Namba ya P2O5 kwenye unga wake hukaribia 30, lakini namba hiyo haisemi lolote kuhusu kuyeyuka. Apataiti haiyeyuki majini kama TSP, inahitaji tindikali. Kwenye udongo wa pH chini ya 5.5, tindikali ya udongo wenyewe huifungua polepole, na mabaki yake husaidia misimu inayofuata. Kwenye udongo wa pH 7 na zaidi, kama ule wa tambarare kavu za Bonde la Ufa, hubaki mchanga tu. Mkulima wa udongo mchachu aliyemwaga chokaa na Minjingu siku moja ameizima tindikali ambayo ingemfanyia kazi. Viwandani kazi hiyo hufanywa na tindikali ya salfuriki au ya fosforasi, njia ambayo John Bennet Lawes aliipatia hati miliki Uingereza mwaka 1842, na kinachotoka ni fosfeti inayoyeyuka. Fosforasi ni ileile. Kampaundi imebadilika.

Kinyume chake hutokea ardhini. Fosfeti iliyoyeyuka ikikutana na udongo mwekundu wenye chuma na aluminiamu nyingi huungana navyo na kuwa kampaundi isiyoyeyuka. Maabara ikipima fosforasi yote itakuta nyingi. Mimea ina njaa. Ndiyo maana kipimo cha kuomba ni cha fosforasi inayopatikana kwa mmea, kwa njia ya Bray kwenye udongo mchachu au ya Olsen kwenye udongo wa magadi, na ndiyo maana DAP huwekwa kwenye shimo au mstari badala ya kurushwa shamba zima: ikiwa imekusanyika mahali pamoja, hukutana na udongo mchache wa kuifunga.

Aluminiamu hiyohiyo inastahili aya yake. Ni asilimia 8 hivi ya gamba la dunia, imo kwenye mfinyanzi wote, na haina madhara ikiwa imefungwa humo. Udongo ukichachuka kupita pH 5.5 kwenda chini, sehemu yake huyeyuka na kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na ioni hizo hufupisha mizizi ya mahindi hadi ikafanana na vidole vinene. Tiba ni chokaa, na hapa tena jina la kampaundi ndilo linaloamua. Kilo 1,000 za kaboneti ya kalsiamu, ule unga wa mawe ya chokaa, zinalingana kwa nguvu ya kuondoa uchachu na kilo 740 za chokaa iliyozimwa kwa maji, na kilo 560 za ile iliyotoka tanurini kabla ya kuzimwa. Jasi ina kalsiamu pia, na wauzaji wengine huinadi kama chokaa. Jasi ni salfeti ya kalsiamu. Haiondoi uchachu hata kidogo, kwa sababu kinachoondoa uchachu ni kaboneti au haidroksaidi, kalsiamu haihusiki. Jasi mahali pake ni udongo wa magadi, ambako kalsiamu yake huisukuma sodiamu itoke kwenye mfinyanzi.

Vivyo hivyo kwa potasiamu. MOP ni kloridi ya potasiamu, na ni ya bei nafuu kwa mahindi na migomba. Kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo ni hasara, kwani kloridi huingia kwenye jani, hulifanya livute unyevu na liungue vibaya. Wao wanahitaji salfeti ya potasiamu, yenye namba 50 ya K2O dhidi ya 60 ya MOP. Anayesoma namba peke yake atachagua kubwa.

Mwisho, bandia. Mwaka 2024 Kenya ilitikiswa na sakata la mbolea bandia ya ruzuku, na maswali mengi yaliulizwa kuhusu mkulima angejuaje. Kwa kuwa kila kampaundi ina tabia zake, yako majaribio machache ya nyumbani. Weka punje za urea kwenye kijiko cha chuma juu ya mshumaa, nje ya nyumba: huyeyuka kwenye nyuzi 133 na kuwa kimiminika angavu. Chumvi ya mezani inahitaji nyuzi 801, na mchanga hautayeyuka kabisa. Punje zinazobaki kavu kijikoni si urea. Zima mara baada ya kuona, maana ukiendelea kupasha hutoa mvuke mbaya. DAP, CAN na salfeti ya amonia zikisuguliwa na chokaa iliyozimwa yenye unyevu hutoa harufu ya amonia. Urea haitoi papo hapo. CAN ikidondoshewa siki au ndimu hutoa mapovu, kwa sababu ya unga wa mawe ya chokaa uliomo. Majaribio haya yanasema kampaundi ipo au haipo. Hayasemi ni kiasi gani, kwani hata mfuko uliochanganywa nusu kwa nusu na mchanga utatoa harufu. Kiasi hupimwa maabara, na mfuko unaotiliwa shaka upelekwe pamoja na risiti na lebo yake kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea upande wa Tanzania, au kwa Shirika la Viwango upande wa Kenya.

Tunaomba basi, Mhariri, kwamba kila pendekezo la mbolea linalochapishwa liandike jina la bidhaa na kilo zake kwa ekari, na pale mtafiti anapotoa kilo za fosforasi au potasiamu, mwandishi aulize kama ni elementi tupu au oksaidi. Kugeuza ni kazi ya dakika moja: fosforasi zidisha kwa 2.29 upate P2O5, potasiamu zidisha kwa 1.2 upate K2O, na kurudi nyuma gawanya kwa namba hizohizo.

Wasomaji wenu,
Walimu wa kemia na sayansi ya udongo,
Morogoro